Kanda ya Paul Simon tuliyoitupa chini ya boksi: nilivyorudi kuisikiliza Hearts and Bones

Wimbo wa kwanza haujafikisha hata dakika mbili sauti ikaanza kuzama, ikawa inavutika kama mtu anayeongea usingizini, nikaruka kuzima lakini nimeshachelewa. Kufungua mlango wa redio nakuta mkanda umetoka nje umejisokota kwenye kigurudumu cha raba, na ile kanda ni ya marehemu baba, hamna nyingine. Nikakaa chini sakafuni nimeishika mkononi mkanda wake unaning'inia na kiukweli nililia. Ilikuwa Machi 2022, nina miezi miwili tangu nitoke nyumbani kwangu, naishi chumba kimoja Kimara, Dar es Salaam, baba ana miaka mitatu kaburini, na kitu pekee nilichomwomba mama akanipa bila kuniuliza maswali ni lile boksi la kanda.

Naandika haya kwa mwenye boksi kama hilo uvunguni, la mzazi au la babu, na pia kwa yule aliyewahi kusikiliza albamu mara moja akasema hamna kitu humu akaachana nayo. Mi nilikuwa wote wawili na nilikosea huku na huku.

Nianzie Morogoro, 1988, nina miaka tisa. Baba alikuwa fundi wa reli, nyumba yetu haikuwa mbali na stesheni, na pale mjini ilikuwa kawaida kukutana na Waafrika Kusini kwa sababu ya Mazimbu, kule ANC walikojenga shule yao ya SOMAFCO. Mmoja wao alikuwa rafiki wa baba na ndo aliyemletea kanda ya Graceland, albamu ya Paul Simon, mwimbaji wa Kimarekani. Nakumbuka ubishi kwenye kibaraza chetu kuliko ninavyokumbuka sherehe yoyote ya utotoni. Huyu anasema Paul Simon amevunja mgomo, wasanii wa dunia waliambiwa wasiende kufanya kazi Afrika Kusini ya makaburu, ye kaenda Johannesburg mwaka 1985 karekodi. Yule anasema sawa, lakini sauti ya Joseph Shabalala na kwaya yake ya Ladysmith Black Mambazo leo inasikika mpaka Marekani, hiyo nayo utaiitaje? Walibishana mpaka chai inapoa. Mi sikuelewa siasa, nilikuwa nangoja tu besi ya Bakithi Kumalo ianze kutembea.

Basi ile kanda ilipigwa mpaka maandishi yake yakafutika. Na baba alipopata mwenzake wa kazini anayekwenda Uingereza kwenye kozi akamwagiza, niletee kanda nyingine ya huyu jamaa. Yule bwana akarudi na Hearts and Bones. Tulikaa wote sebuleni, mama, dada zangu wawili, mimi, hata jirani aliitwa. Baba akaweka. Ikaanza sauti kama ya mashine, mtu anaimba habari za aleji, sinthesaiza, hamna ngoma ya Soweto, hamna kwaya, hamna akodioni. Mama akauliza, "Hii ndo ya yule yule?" Dada mkubwa akasema mbaya, nami nikadakia mbaya. Baba hakusema chochote, akaitoa kabla upande A haujaisha akarudisha Graceland tukacheza. Kwangu hiyo albamu ikawa imeishia hapo. Tuliamini ndo toleo jipya, kwamba mzee wa watu kaishiwa. Kumbe ilitoka 1983, miaka mitatu kabla ya Graceland, sisi ndo tulioipokea kinyumenyume.

Kuna mara ya pili pia, kama 2010, nilipopata kompyuta ya kwanza nikaipakua. Nyimbo zikaingia bila mpangilio, nyingine mbili hazikuwepo, nikawa nazisikiliza huku naandika ripoti ya kazini, na kila wimbo ukianza nauliza mbona haina ule mdundo. Nikafuta. Hilo ndo kosa kubwa kuliko yote kwenye stori hii, kubwa kuliko hata la kuharibu mkanda, maana mkanda ulitengenezeka. Mara zote mbili sikuisikiliza Hearts and Bones, niliisikiliza nikiwa naitafuta Graceland ndani yake. Hakuna albamu itakayokufurahisha kama unaidai kuwa albamu nyingine.

Sasa turudi Kimara. Sitasimulia ndoa yangu, mama watoto ni mtu mzuri na watoto wanasoma maandishi yangu. Niseme tu kwamba tulikuwa watu wawili tunaoongea sana, tulijadili kila kitu, tulikaa na wazee wa pande zote mbili, tukaenda kwa mchungaji, tukaenda kwa mshauri wa kulipia, na kadiri tulivyozidi kujadili ndivyo tulivyozidi kuachana. Usiku kwenye kile chumba kulikuwa kimya vibaya. Nikafungua boksi. Juu kabisa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, chini yake Super Volcano, kwaya, taarabu za mama, Graceland imechoka, na chini kabisa Hearts and Bones, ngumu, kava lake safi kama limetoka dukani.

Hapo nikafanya makosa mfululizo na nayataja yote. La kwanza, nilinunua redio kaseti ya mtumba Kariakoo kwa 60,000 bila kuijaribu na kanda ya hovyo kwanza. Muuzaji aliiwasha ikashika stesheni nikaridhika, mlango wa kaseti sikuufungua hata. La pili, nilichukua kanda iliyokaa miaka na miaka bila kuguswa nikaitumbukiza nikabonyeza bila kuizungusha yote kwenda na kurudi. La tatu nitalisema baadaye maana ndo linaloniuma mpaka leo.

Fundi niliyempata ni mzee mmoja mwenye kimeza cha kutengeneza redio, nimemfikia baada ya vijana watatu kuniambia hawagusi vitu vya kanda. Nikamwamkia, nikamwekea redio na ile kanda mezani. Akaiangalia muda mrefu.

"Ya nani hii?"

"Ya marehemu baba."

"Pole kijana wangu. Niachie, usinisumbue na simu, njoo Ijumaa."

Niliporudi akanieleza kwa utulivu kama mwalimu, na nayaweka hapa kwa sababu sikuyakuta sehemu yoyote kwa Kiswahili. Redio inatafuna mkanda mara nyingi kwa sababu ya mkanda wa raba wa ndani, ule unaozungusha kile kigurudumu kinachokusanya, ukizeeka unalegea, basi mkanda wa muziki unasukumwa mbele lakini upande wa kupokea hauvuti, unarundikana. Kubadilisha hiyo raba kwangu ilikuwa 5,000 na ufundi 15,000. Hedi, yaani kile kichwa kinachosoma mkanda, na kigurudumu cha raba unavisafisha kwa pamba na spiriti, unaacha vikauke kabisa ndo uweke kanda. Kanda iliyolala muda mrefu usiipige moja kwa moja, mkanda unakuwa umekazana, chukua kalamu ya Bic ya pembe sita, izungushe taratibu mpaka mwisho halafu irudishe, ndo uipige. Chungulia pale katikati chini uone kama kile kipande cha kitambaa laini bado kipo, gundi yake huwa inakufa kikadondoka na sauti inakuwa nzito kama imefunikwa blanketi. Ya kwangu kilikuwa kimedondoka. Na ganda lenyewe halikuwa la skrubu, lilikuwa limegundishwa, ikabidi alipasue kwa wembe ahamishie mkanda kwenye ganda la kanda nyingine ya skrubu, 10,000 nyingine. Akanionya mkanda ukikatika nisije nikaunga kwa seloteipu ya dukani, gundi yake inavuja inashika tabaka zinazofuata na inachafua hedi.

Ukijumlisha na redio ni 90,000, kwa mtu aliyekuwa analipa kodi ya chumba na ada za watoto kwa wakati mmoja. Sijutii, ila kama una hela ya jambo moja tu, mpelekee fundi redio kwanza, kanda ibaki kwenye boksi. Na ikishapona, siku hiyo hiyo iingize kwenye kompyuta kwa waya kutoka tundu la hedifoni, usingoje. Mi nilingoja wiki moja nikiwa naogopa kila nikibonyeza.

Ile sehemu iliyotafunwa haikupona vizuri. Mpaka leo wimbo wa kwanza, "Allergies", unayumba kidogo pale katikati halafu unasimama tena, na kinachofuata baada ya kuyumba ni gitaa la Al Di Meola, linaingia kwa kasi kama mtu kafungulia bomba. Miaka yote ile sikuwa najua kuna gitaa kama hilo humo ndani. Tuliitoa kabla masikio hayajazoea ile sauti ya mashine.

Nikaisikiliza yote kwa mpangilio wake, taa imezimwa, simu nimeiweka nje ya mlango kwenye kiti. Usiku wa kwanza sikuelewa mengi, usiku wa pili nikashika maneno. Wimbo wenye jina la albamu unahusu watu wawili wako safarini kwenye milima ya New Mexico, wanapendana, wameoana, na katikati ya wimbo mmoja anamuuliza mwenzake kwa nini usinipende hivi nilivyo, hapa hapa nilipo. Anajibiwa kwamba dunia haiko hivyo. Mwishoni kila mtu anarudi pwani yake, anatafuta marafiki wa zamani, wanaanza kukadiria nani kaumia zaidi. Nikazima nikatoka nje nikasimama barazani. Ndugu zangu na ndugu zake walikuwa wanafanya hesabu hiyo hiyo wiki ile, kwa simu, nani kaonewa, nani kapoteza nini. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu anaisema kwa sauti ya chini namna ile, bila kumlaumu yeyote.

Baadaye ndo nikasoma historia yake na nashauri ufanye hivyo, sikiliza kwanza, soma baadaye, maana ningeanza na historia ningesikiliza umbea badala ya muziki. Hii albamu haikupangwa kuwa ya Paul Simon peke yake. Septemba 19, 1981 yeye na Art Garfunkel, mwimbaji mwenzake wa zamani, waliungana tena kuimba Central Park, New York, bure, ikasemekana walijaa watu 500,000. Baada ya hapo wakazunguka dunia na mpango ukawa kutoa albamu ya pamoja, Garfunkel akaingia studio akarekodi sauti zake. Halafu Simon akazifuta. Aliona nyimbo ni zake mno, ni za maisha yake, akaitoa kwa jina lake mwenyewe mwishoni mwa 1983. Watu waliokuwa wanasubiri wawili wakapewa mmoja. Marekani iliishia namba 35 kwenye chati, kwa mtu wa kiwango chake hilo lilikuwa anguko, na lilikuja juu ya lingine maana 1980 alishaandika filamu akaicheza mwenyewe nayo haikwenda. Mwaka huo huo wa 1983 alimuoa mwigizaji Carrie Fisher na mwaka uliofuata ndoa ikavunjika. Ukiweka hayo yote mezani unaona huyu ni mtu anayeporomokewa na kila kitu huku anaandika nyimbo kwa utulivu wa ajabu. Na ilikuwa kwenye hicho kipindi cha kuanguka, 1984, ndo mtu akampa kanda ya muziki wa Soweto akawa anaipiga ndani ya gari lake. Graceland tuliyoipenda sisi ilizaliwa hapo, kwenye gari la mtu ambaye albamu yake haikununuliwa. Aisee hiyo ilinigusa sana, kanda moja kumfikia mtu wakati wake.

Kuna wimbo umewekwa mara mbili, "Think Too Much", matoleo mawili tofauti kabisa, moja kaliandika (a) na jingine (b), na kwa sababu anazozijua mwenyewe (b) linatangulia (a). Moja ni ya taratibu, nyingine ina mdundo wa dansi na wamo Nile Rodgers na Bernard Edwards wa kundi la Chic. Utotoni hatukufika hata kwa huo wa kwanza. Unamhusu mtu anayefikiri kupita kiasi, na kuna sehemu anasema watu wenye akili kuliko wote duniani walikusanyika kuchambua mapenzi yao waone kama wanaweza kuyanasua. Nikakumbuka wale wazee wetu sebuleni, mchungaji, mshauri na daftari lake. Halafu ikaja beti ambayo baba anamjia usiku, anamkumbatia kifuani, anamwambia hakuna zaidi unachoweza kufanya, nenda kapumzike.

Sikuwa nimejiandaa. Baba yangu hakuwa mtu wa kukumbatia, alikuwa mtu wa kukuuliza umekula. Lakini nilikuwa na miaka 43, kwenye chumba cha kupanga, nimeshikilia jambo lililokwisha kwa sababu naamini nikiongea tena vizuri zaidi litarudi, na sauti ikatoka kwenye kanda yake ikaniambia niache nikalale. Nililala usiku ule saa nane mpaka saa mbili asubuhi. Sikuwa nimelala hivyo toka Januari.

Sitaki kudanganya mtu kwamba albamu yote ni dhahabu. "Cars Are Cars" nimeipa nafasi nyingi na bado naona ni wazo dogo limevutwa, na "When Numbers Get Serious" ina maneno ya kufurahisha lakini haijanishika popote. Ile sauti ya dramu na sinthesaiza ya miaka ile nayo inahitaji uvumilivu kwa masikio ya leo, kuna mahali inabana mpaka unatamani mtu afungue dirisha. Nilijaribu kuisikiliza kwa hedifoni za blututhi za 15,000 nikakuta zinaongeza besi ambayo haimo na zinaua vitu vidogo vidogo, na hii ni albamu ya vitu vidogo. Redio ya kawaida yenye spika mbili ilinifaa zaidi. Ukiisikilizia kwenye simu, zima kule kuchanganya nyimbo, na ujue toleo la 2004 limeongezewa vipande vinne mwishoni, majaribio na wimbo ambao haukumalizika. Ni vizuri kuvijua lakini siku ya kwanza simamia kwenye wimbo wa kumi, kwa sababu mwisho halisi uko pale na umetengenezwa uwe mwisho.

Huo wa kumi ni "The Late Great Johnny Ace". Johnny Ace alikuwa mwimbaji wa Kimarekani aliyekufa kwa risasi Krismasi ya 1954 Houston, akichezea bastola yake mwenyewe nyuma ya jukwaa. Paul Simon alikuwa mtoto, akasikia kwenye redio, akaandika barua kuomba picha ya marehemu. Wimbo unapita kwenye ujana wake London, mpaka usiku wa Desemba 1980 anapokutana na mtu asiyemjua, anayemuuliza kama amesikia John Lennon wa Beatles amefariki. Wawili hao wanaingia baa wanakaa mpaka inafungwa, wanachagua nyimbo kwa ajili ya marehemu. Kisha maneno yanaisha na kinaingia kipande kifupi cha vinanda na filimbi alichokitunga Philip Glass, kama dakika moja hivi, halafu basi. Alipouimba mara ya kwanza mbele ya watu ilikuwa pale pale Central Park 1981, bado hata mwaka haujapita tangu Lennon auawe, na katikati ya wimbo jamaa mmoja akarukia jukwaani akamwendea. Wakamdaka. Simon akaendelea kuimba.

Ni lazima niseme kwenye huo wimbo nilimsikia baba. Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, mwaka niliozaliwa, na baba alikuwa anatusimulia alikuwa amesimama wapi redio ilipotangaza, nani alikuwa pembeni yake, fundi gani aliweka spana chini. Alikuwa anaisimulia kila Januari. Tulizoea mpaka tukawa hatusikilizi. Sasa nikajua ni kitu gani alichokuwa anasimulia, na wa kumuuliza hayupo.

Na ndo nifike kwenye lile kosa la tatu. Siku nilipoitoa kanda kwenye boksi niliona mkanda haukuwa mwanzoni. Ulikuwa umesimama upande B, sehemu ya kulia imekusanya kiasi lakini kushoto bado pamebaki pengi. Sikufikiria chochote, nikauzungusha kwa kalamu mpaka mwanzo wa upande A (hapo ndo nilipotaka kuwa mwangalifu) nikageuza nikaweka A. Wiki kadhaa baadaye nikiwa kwenye daladala ikanijia ghafla. Sisi tuliitoa kabla upande A haujaisha. Nani aliisogeza mpaka katikati ya B? Na alisimamia wapi? Nilikuwa na jibu mkononi nikalifuta mwenyewe kwa kalamu. Kwa hiyo wewe mwenye boksi la kanda za mtu aliyefariki, kabla hujagusa kitu piga picha kila kanda ilivyo, upande uliokuwa juu na mkanda uliposimama. Ni kazi ya dakika moja.

Nilikaa na hilo miaka miwili bila kumwambia mama. Nilidhani nitamuumiza. Julai 2024, mwezi mmoja baada ya treni ya umeme kuanza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro, nikakata tiketi ya 13,000, redio nimeipakata mapajani kama mtoto, nikaenda kumsalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo redio ya nini, mbona na mimi ninayo?"

"Nataka usikilize kitu."

Baada ya kula tukakaa kwenye kibaraza kile kile cha ubishi. Nikaweka upande B. Wimbo wa pili upande huo ni "Train in the Distance", unahusu mwanaume anayempenda mwanamke aliyeolewa, anamwandikia, wanaishia kuoana, wanapata mtoto, wanashindwana, na hata baada ya hapo bado wanaongea vizuri kwa ajili ya mtoto. Na kila baada ya beti anarudia kwamba hakuna asiyependa mlio wa treni ikiwa mbali, watu wote wanadhani ni kweli. Nilikuwa namtafsiria mama polepole, sentensi kwa sentensi, nasubiri aguswe na habari ya ndoa maana nilitaka tuongee habari yangu. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Huu naujua."

"Unaujuaje mama, si ni Kiingereza?"

"Baba yako akitoka zamu ya usiku alikuwa anakaa hapo ulipokaa wewe. Anaiweka hii, sauti chini, msiamke. Mimi nikiwa jikoni nawasha jiko nasikia. Akisikia treni ya ukweli inakuja anazima, anaisikiliza mpaka iishe, halafu anawasha tena."

Nikamwambia lakini mama, sisi si tulisema mbaya.

"Mlisema nyie na mimi. Yeye alisema?"

Nikarudisha kumbukumbu sebuleni, 1988, jirani, dada zangu, mama, mimi. Hakusema. Aliitoa tu, akaweka tuliyoitaka sisi. Kumbe asubuhi na mapema sisi tukiwa bado tumelala alikuwa anakaa pale na nguo za kazi, anasikiliza ile tuliyoikataa. Nikamwuliza mama kama aliwahi kueleza kwa nini anaipenda. Akasema hakuuliza, mtu akitoka kazini usiku kucha unampa chai.

Wimbo ukaisha. Mama akasema rudisha, tukausikiliza tena bila mimi kutafsiri. Kwenye ile sehemu ya mwisho, anaposema wazo kwamba maisha yangeweza kuwa bora kuliko haya limefumwa ndani ya mioyo na akili zetu hatuwezi kulitoa, nilimwangalia mama nikaona amefumba macho. Tuliongea usiku ule mpaka saa sita, kuhusu baba, kuhusu watoto wangu, na kuhusu mama yao ambaye mama aliniambia anampigia simu kila Jumapili na hataacha. Nikamwambia asiache.

Kanda nimeiacha kule kwake. Mi nina nakala kwenye kompyuta, inayumba pale pale kwenye "Allergies", inanitosha. Asubuhi kabla sijaondoka niliiweka tena upande B nikausubiri ule wimbo wa treni umalizike nikabonyeza kuzima, nikaitoa nikaiweka kwenye kava hivyo hivyo, mkanda kiasi kulia, mwingi kushoto. Sijairudisha mwanzo.